Kijiwe cha Riwaya: Niache kazi? Nisaini? Na mama mkwe kajiona kitabuni

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya hela, na mimi nimefurahi kweli, manake kuna kipindi tulikuwa tunaulizwa "anti mawazo unatoa wapi" mpaka unatamani kuzima simu, sasa hivi watu wanauliza mkataba, wanauliza asilimia, wanauliza nani kaniibia simulizi yangu, yaani wanauliza kama watu wenye kazi yao. Nimechagua machache. Wale mlionitumia riwaya nzima kwenye WhatsApp mnisamehe, hapa ni kijiwe cha maswali sio uhariri wa bure.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbeya, nina miaka 29. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza na wote walioisoma wamesema ni moto wa kuotea mbali. Nafikiria mwakani niache kazi niwe naandika tu. Mke wangu kanuna, hata chakula ananitengea kimyakimya. Nishauri. (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo yuko sahihi, kanunue soda mkae muongee yaishe, halafu chukua karatasi tupige hesabu. Tuseme umepata mchapishaji, kitabu dukani ni sh 15,000, mrabaha wako, yaani mgao wa mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, asilimia 10 ambayo ndiyo imezoeleka huku kwetu. Ukilipwa kwa bei ya jalada kila nakala unapata 1,500. Zikiuzwa nakala 1,000 zote, na kwa jina jipya nakala 1,000 sio mchezo, zinaweza kukaa kwenye shelfu mwaka na zaidi, hiyo ni milioni moja na nusu. Hapo TRA hawajapita. Kodi ya zuio kwenye mrabaha ni asilimia 15, wanachukua 225,000 yao, unabaki na 1,275,000. Sasa gawa hiyo kwa miezi yote uliyoandika, ongeza na miezi ya kumsubiri mchapishaji ajibu, halafu weka pembeni ya salary slipu yako uone.

Na usidhani ni balaa lako peke yako. Hao wakubwa unaowafundisha darasani karibu wote walikuwa na kibarua kingine. Shaaban Robert alikuwa karani, alianza forodhani enzi za mkoloni akahamishwahamishwa ofisi za serikali mpaka upimaji ardhi Tanga, na humohumo ndimo alimotoa Kusadikika na Adili na Nduguze. Kama unataka kuona mtu anavyohangaika na ofisi, familia na miswada kwa wakati mmoja tafuta zile barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, TUKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar, walizichapisha, utadhani zimeandikwa jana. Kezilahabi alikuwa profesa, Dar halafu Botswana. Said Ahmed Mohamed mwalimu, kafundisha mpaka Ujerumani huko Bayreuth. Ken Walibora mtangazaji. Musiba, yule wa riwaya za mpelelezi Willy Gamba, mfanyabiashara. Hata Ben Mtobwa, ambaye Joram Kiango wake alisomwa na nchi nzima mpaka na makondakta, alikuwa mwanahabari na akaishia kufungua kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha, Heko. Na Gurnah tunayejivunia hapa alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, Nobel ikamkuta 2021 yuko nyumbani. Misri nako Naguib Mahfouz alikaa kwenye utumishi wa umma mpaka umri wa kustaafu, riwaya zake nyingi kaziandika akiwa na bosi.

Sikwambii haya uache kuandika. Nakwambia ualimu una kitu ambacho wengine hatuna, likizo ya Juni na ya Desemba, mtu wa benki hapati hiyo. Kama kuna kitu cha kuacha basi acha tuisheni ya Jumamosi. Najua ina hela, lakini hiyo ndiyo hela ndogo unayoweza kuikosa bila mtoto kurudishwa ada, na Jumamosi nzima kwa mwaka mmoja ni riwaya. Halafu wale wasomaji wako waliosema ni moto, ni akina nani? Kama ni rafiki zako wa stafurumu tafuta mtu mmoja asiyekujua.

SWALI: Dada hujambo. Nipo Mombasa, Kisauni, nina watoto watatu na huyu mdogo ndo kaanza kutembea. Hadithi fupi nimeziandika zikatoka, lakini riwaya yanishinda. Nikikaa nishasahau nilikuwa wapi, nikikumbuka mtu alia. Nyinyi mwaandika saa ngapi? (Mama watatu)

JIBU: Sijambo mamii. Saa za kuandika hazipo, huo ndio ukweli, zinaibwa. Watu wanapenda kusema amka saa kumi alfajiri, sasa mama mwenye mtoto wa kutembea saa kumi alfajiri ndiyo kwanza amelala, hao washauri wengi wao wana mtu wa kuwapikia.

Mimi ntakupa kitu kimoja kinachofanya kazi. Riwaya haina sehemu za aina moja. Kuna sehemu zinaandikika katikati ya kelele na kuna sehemu hazitaki hata kikohozi. Mazungumzo ya wahusika yanaandikika popote, sufuria jikoni, simu mkononi, kwenye matatu, unaandika tu "alisema hivi, akajibiwa hivi" bila hata kuweka nani kasimama wapi. Tena kelele zinasaidia, manake watu halisi wanaongea huku wanakatishwa. Lakini ile sura unayohitaji kuamua, huyu dada anaondoka au anabaki, nani anajua siri, hiyo isubirie siku watoto wako kwa bibi yao. Ukizichanganya hizi mbili ndiyo unakaa saa zima unaitazama simu hujaandika kitu halafu unajiona huna kipaji.

Kuhusu kusahau ulipokuwa: usimalize sentensi. Kweli kabisa, ukiona mtoto ameamka iache hivyohivyo, "Mwanaisha akafungua mlango akamkuta", halafu ondoka. Kesho ukifungua mkono wenyewe utajua nani alikuwa mlangoni, au hutojua, na hapo ndipo hadithi inapopata mgeni ambaye hukumpanga. Na uwe na daftari dogo la wahusika, la karatasi, sio la simu, jina, umri, ndugu zake wangapi, anaishi mtaa gani, gari au mguu. Usicheke. Nimehariri mswada ambao mhusika sura ya 3 ana kaka wawili sura ya 11 ana kaka mmoja, na hakuna aliyekufa.

SWALI: Anti, nina shida ya haraka. Kuna mchapishaji kasoma mswada wangu kaupenda, anataka kuununua moja kwa moja laki nane, cash, nisaini wiki hii. Nina kodi ya nyumba inanisubiri. Nikikataa naogopa nitakosa vyote. Ni halali kweli? (Niko njia panda, Morogoro)

JIBU: Halali ni halali, mtu mzima akisaini kasaini. Lakini kaa chini kwanza, na hiyo "wiki hii" ndiyo ya kwanza kunikera. Kitabu cha kuchapwa pengine mwakani kinasainiwaje wiki hii?

Swali lako ndilo muhimu kuliko yote ya mwezi huu kwa hiyo ntalikalia. Riwaya ni kitu kinachochelewa. Wimbo ukitoka unajua ndani ya mwezi kama umekubali, riwaya inaweza kulala miaka halafu ikaamka. Chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Kitabu kilitoka 1999. Kikaingia mashuleni kidato cha tano na sita. Halafu 2021 Amil Shivji akaifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto, Tanzania ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar. Hapo ni miaka 22 toka kitabu kitoke. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ni ya 1980, watoto wa Kenya walikuwa wanaitahiniwa kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, miaka ya 2000. Paradise ya Gurnah ni ya 1994, Kiswahili chake Peponi kimekuja 2022. Sasa piga picha mtu aliyeuza mswada wake moja kwa moja, akala hela akamaliza, halafu baada ya miaka 20 anaona foleni ya watu sinema na yeye kwenye hiyo foleni ananunua tiketi kama wengine.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda uhai wako wote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Hamsini! Shaaban Robert kafariki 1962, ulinzi wa kazi zake umeishia 2012. Kwa hiyo unachokiuza kwa laki nane sio mswada, ni chako na cha watoto wako na cha wajukuu wengine hujawaona sura. Mchapishaji anajua hilo, ndiyo maana anakuja na cash.

Fanya hivi. Mwambie nashukuru, napenda tufanye kazi, ila nataka mrabaha na nitashukuru nikipata kitu cha kuanzia, yaani sehemu ya mrabaha anakutangulizia sasa halafu anakata kwenye mauzo. Laki nane hiyohiyo anaweza kuitoa kama malipo hayo ya kutanguliza. Kama mswada anaupenda kweli kama anavyosema atakaa mezani. Akikataa kabisa basi ujue alipenda bei.

Akikubali sasa ndiyo usome mkataba, usome na mtu, hata kama ni jirani anayesomea sheria. Angalia asilimia ni ya nini. Hapa ndipo wengi wanaumia. Asilimia 10 ya bei ya jalada na asilimia 10 ya mapato halisi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kitabu cha 15,000 mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 9,000, wewe asilimia 10 yako inakuwa 900 badala ya 1,500. Kwenye nakala 1,000 umeshapoteza laki sita na hukusikia hata maumivu. Mapato halisi sio dhambi, wachapishaji wengi wanalipa hivyo, lakini basi omba asilimia ipande.

Halafu angalia haki zipi anachukua. Mchapishaji wa vitabu vya karatasi mpe kitabu cha karatasi, na cha kielektroniki kama kweli anaviuza. Filamu, tamthilia ya tivii, kusomwa redioni, tafsiri, hizo bakiza, au kama anazing'ang'ania basi mgawane na iandikwe mgao ni kiasi gani. Lile neno "na haki nyingine zote zilizopo na zitakazokuja" likate kwa peni mbele yake. Weka na kipengele kwamba kitabu kikiisha sokoni na yeye hachapi tena kwa muda mtakaokubaliana, haki zinarudi kwako. Bila hicho utakuwa na riwaya ambayo haiuzwi popote na huruhusiwi kumpa mwingine, nimewaona watu wazima wanalia kwa hili. Na taarifa ya mauzo, kwa maandishi, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama mauzo ni sifuri.

Kodi ya nyumba naielewa mwanangu, sikudharau. Kama imekubana kabisa muuzie hadithi fupi, muuzie kazi ya uhariri, msomee prufu, kopa kwenye kikoba. Riwaya usimpe.

SWALI: Habari dada. Niko Nakuru, nafunza Kiswahili shule ya upili. Nataka kuandika riwaya ambayo itateuliwa kitabu cha lazima KCSE. Niambie vigezo wanavyotumia ili nianze nikijua. (Mwalimu tena, Nakuru)

JIBU: Walimu mwezi huu mmeamua. Nzuri mdogo wangu.

Kwanza habari yenyewe: umechelewa basi. KCSE ya mwisho ni ya 2027, baada ya hapo ni mtaala mpya, gredi ya 10 ya kwanza ni ya mwaka 2026 na vitabu vyake vina mchujo wake. Kwa hiyo ukianza leo kwa ajili ya KCSE unaandikia mtihani ambao utakuwa umeshafungwa. Pili, sio wewe unayepeleka KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, ni mchapishaji, KICD wanatangaza wachapishaji wanawasilisha. Kwa hiyo safari yako inapita palepale, upate mchapishaji kwanza.

Naelewa kwa nini kila mtu Kenya anakitamani hiki kiti. Mwaka 2024 peke yake watahiniwa walipita laki tisa, na kitabu kinakaa miaka. Kidagaa Kimemwozea kilikaa 2013 mpaka 2017, kikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, halafu Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hapo mwandishi ndiyo anaweza kujenga nyumba. Bongo nako kitabu kikiingia kwenye orodha ya kidato, mfano Mfadhili ya Hussein Tuwa, kinasomwa na watoto ambao wasingeingia duka la vitabu maisha yao yote.

Lakini ngoja niseme ninaloliona na wachapishaji wanitukane. Shule ndiyo mteja mkubwa wa riwaya ya Kiswahili, na mteja mkubwa siku zote anaanza kuchagua mpaka rangi ya shati lako. Miswada inayokuja siku hizi unaona kabisa imeandikiwa kamati. Kuna mhusika wa ufisadi, kuna mhusika wa ukimwi au dawa za kulevya, kuna msichana aliyekatishwa masomo akarudi, kuna mzee wa busara anamwaga methali, na jina la kila mtu linatangaza tabia yake ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi atajibu swali la maudhui vizuri sana na hatakumbuka kitabu baada ya mtihani. Kezilahabi 1971 aliandika Rosa Mistika, wakaipiga marufuku mashuleni, baadaye wakairudisha wakaitahini. Angeiandikia kamati ya 1971 leo tusingekuwa nayo. Wewe andika, usiweke matusi ambayo hadithi haiyahitaji, halafu muache mchapishaji ahangaike na KICD, ndiyo kazi yake.

SWALI: Anti shkamoo, naandika simulizi WhatsApp, nipo Dodoma. Nina grupu la kulipia, watu kama 200, kila simulizi wanalipa buku mbili. Ishu ni kwamba sehemu ya 20 ikitoka asubuhi mchana iko kwenye magrupu ya bure, na juzi nimekuta mtu kairekodi kwa sauti yake YouTube kaweka jina lake kama mtunzi. Nimeumia sana. Nifanyeje? (Mtunzi wa mtandaoni)

JIBU: Marahaba. Kwanza 200 mara buku mbili ni laki nne kwa simulizi moja, bila mchapishaji bila duka bila kusubiri mwaka. Nakwambia wapo waliochapishwa kitabu na picha kwenye gazeti ambao hawajawahi kuiona laki nne ya mkupuo. Kwa hiyo asikudharau mtu.

Huyo wa YouTube ndiye rahisi kuliko wote. Hakimiliki ni yako toka ulipoandika, hata kabla ya kusajili popote, na YouTube wana fomu ya malalamiko ya hakimiliki humohumo ndani, unaweka linki yake, unaeleza kazi ni yako na ilitoka lini, wanaishusha. Hapa ndipo zile sehemu zako zenye tarehe kwenye grupu zinageuka ushahidi, kwa hiyo usifute chochote na hamisha kila kitu kwenye imeili yako. Nenda pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usajili, ukifika siku ya kwenda mbele ya sheria cheti kinakurahisishia maisha.

Wa kufowadi hutawaweza. Mi naona usipoteze usingizi. Kinachofanya kazi ni kwamba mwisho wa simulizi usiuweke kwenye grupu. Sehemu nyingine zote weka, sura mbili za mwisho ziwe kwenye kitabu tu, cha karatasi au hata faili lenye jina la mnunuzi kila ukurasa, aone aibu kulisambaza. Wezi wanakutangazia bure halafu msomaji wa bure anakuja kwako kutafuta mwisho.

Ila ukija kuifanya kitabu usichukue zile sehemu ukazibandika. Simulizi ya simu inahema kwa mtindo wake. Kila sehemu inaanza na "ilipoishia" na kila sehemu inaishia na mtu ameshtuka. Kwenye kitabu msomaji anageuza ukurasa tu, kwa hiyo mhusika wako anashtuka mara 40, "Hakuamini macho yake!", anageuza ukurasa, hakuamini tena. Mpaka katikati msomaji anajiuliza huyu ana shida gani na macho. Toa ilipoishia zote, bakiza mishtuko michache inayostahili, na zile sehemu ulizorefusha kwa sababu wateja walikuwa wengi wiki hiyo, unazijua mwenyewe, kata. Na kama bado huna chama watafute UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, wengi wao wameshapitia hayohayo.

Kuhusu ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, manake nusu yenu mmeuliza kwenye meseji nyingine: Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usimlipe kishoka wa mtaani.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Muscat kikazi. Nina mswada wa riwaya, huku hakuna mchapishaji wa Kiswahili na nyumbani sijui mtu. Hizi tuzo naweza kushiriki au ni za walioko huko? (Mghalibu)

JIBU: Waalaykum salaam. Ipo Safal-Cornell, ile iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa na pia vitabu vilivyotoka karibuni, na zawadi ya juu ya riwaya imekuwa dola 5,000. Riwaya ya kwanza kushinda ilikuwa Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa Aprili 2023, mshindi wa kwanza milioni 10 za Kitanzania na serikali inagharamia kuchapa. Vigezo vya uraia na umri wa kazi soma kwenye tangazo la mwaka husika, vinabadilika, usitegemee nilichosema mimi.

Uzuri wa tuzo kwa mtu aliye mbali kama wewe sio hela tu. Ni kwamba kuna watu wamelipwa wakusome mpaka mwisho. Hata ukiingia orodha fupi bila kushinda, ukimwandikia mchapishaji barua unaanza na hiyo.

SWALI: Anti, akili mnemba inaandika sura nzima kwa dakika. Kuna ubaya gani nikiitumia halafu nikarekebisha? (Kijana wa teknolojia, Arusha)

JIBU: Mikataba mingi ina kipengele unachoapa kwamba kazi ni yako mwenyewe. Ukisaini hapo na sio yako, tatizo ni lako, sio la kompyuta. Mengine sina haja ya kuyasema, miswada hiyo inatufikia, na ninaijua kwa sababu watu wake hawana deni, hawana njaa, hawasengenyi, na kila sura inaisha mtu anaangalia machweo. Wahusika wa Arusha nzima hakuna hata mmoja aliyekasirikiwa na konda. Itumie kukutafutia makosa ya tahajia.

SWALI: Shikamoo anti. Riwaya yangu inatoka karibuni, lakini wifi yangu kasoma mswada kamwambia mama mkwe kwamba yule bibi kwenye kitabu anayehesabu vipande vya nyama kabla ya kupakua ni yeye. Sasa nyumba imechafuka. Na ukweli ni kwamba... anti we elewa tu. (Mke wa mtu, Tanga)

JIBU: Marahaba, nimeelewa, nimecheka mpaka nimepaliwa.

Kila mtu aliyewahi kuandika riwaya ana ndugu mmoja hampokelei simu. Lakini kuna upande wa utani na upande wa sheria. Kwenye mkataba wako kuna sehemu umekubali kwamba kitabu hakimkashifu mtu na kikimkashifu gharama unabeba wewe, kaisome. Kuhesabu nyama sio kashfa. Kinacholeta shida ni vitu vinavyomtambulisha mtu mmoja tu duniani vikiunganishwa na jambo la aibu, mtaa wake, kazi yake, kovu lake, jina la marehemu mumewe. Kwa hiyo kabla hakijaenda kiwandani pitia yule bibi. Mhamishie Korogwe, mpe biashara ya mitumba badala ya ile aliyonayo mama mkwe, mpe watoto wa kike watupu, mkopeshe ucheshi wa mtu mwingine kabisa unayemjua. Nyama ziache, bila nyama huyo bibi hayupo.

Wifi huyo usimpe tena mswada. Na kitabu kikitoka mpelekee mama mkwe nakala yake mwenyewe kabla hajapelekewa na mwingine, mwambie ukweli kwamba bibi wa kitabuni ana wakwe wanne na yeye anao wawili, akasome aone kama wanafanana. Akifika ile sura bibi anapomficha mjukuu asichapwe anaweza akaanza kuwaambia watu mwenyewe kwamba ni yeye.